Kosa la Pili Ndilo Livunjalo: Fizikia ya Kutua kwa Ndege Ndogo

Msomaji aliyewahi kusimama karibu na kiwanja cha ndege cha Wilson mjini Nairobi, au kiwanja kingine chochote kinachofundishiwa urubani, huenda amepata kuona ndege ndogo ikishuka, ikagusa lami, kisha bila kusimama ikanguruma na kupaa tena. Baada ya dakika chache ndege ile ile hurudi na kufanya vivyo hivyo. Hayo ndiyo mazoezi ya kutua. Mwanagenzi wa urubani huyarudia mara nyingi sana kabla mwalimu wake hajamruhusu kuruka peke yake.

Mazoezi hayo hayafanywi bure. Nchini Marekani, ambako ndege ndogo ni nyingi mno, taarifa za usalama zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba ajali za ndege hizo hutokea zaidi wakati wa kutua kuliko katika hatua nyingine yoyote ya safari. Kwa bahati njema, chache tu kati ya hizo huua watu. Zilizo nyingi hukunja vyuma, huharibu injini, na humwachia rubani aibu na hofu ya muda mrefu.

Watu wengi hudhani kwamba sababu ya ajali hizo ni rubani kuibamiza ndege chini kwa nguvu kupita kiasi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi sivyo. Kosa la kwanza kwa kawaida ni dogo, na ndege huweza kulistahimili. Livunjalo ndege ni kosa la pili, yaani jitihada ya rubani ya kulisahihisha lile la kwanza. Fizikia inayoeleza jambo hili ni ile ile inayofundishwa katika shule zetu za sekondari: kani, momenti, nishati na mbembeo.

Ndege hutuaje?

Ndege ikiwa hewani hukabiliwa na kani nne: uzito wake uivutao chini, kani ya kuinua itokanayo na mabawa, kani ya rafadha, yaani lile panga la mbele, iivutayo kwenda mbele, na ukinzani wa hewa uizuiao. Kani ya kuinua hutegemea mambo mawili yaliyomo katika uwezo wa rubani. La kwanza ni kasi. Kani hii hufuata mraba wa kasi. Kwa hiyo kasi ikiongezeka mara mbili, kani huongezeka mara nne. La pili ni pembe ambayo bawa hukabili hewa. Rubani akivuta usukani, pua ya ndege huinuka, pembe hiyo hukua, na kani ya kuinua huongezeka.

Hata hivyo pembe hiyo ina kikomo. Kwa ndege nyingi ndogo kikomo hicho ni nyuzi 15 au 16 hivi. Pembe ikizidi hapo, hewa iliyokuwa ikiteleza vizuri juu ya bawa hubanduka na kuvurugika, kani ya kuinua hupungua ghafla, na ndege huanza kuanguka. Katika makala haya tutaiita hali hiyo kuzidiwa kwa bawa.

Tuchukue mfano wa Cessna 172, ndege ya watu wanne iliyoanza kuuzwa mwaka 1956 na ambayo zaidi ya 44,000 zimekwisha kutengenezwa. Ndiyo ndege inayotumiwa na shule nyingi za urubani duniani. Urefu wa mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni mita 11. Ikiwa imejaa mafuta na abiria, tungamo lake huzidi kilo 1,000 kidogo. Kwa ajili ya hesabu zetu tuseme ni kilo 1,000 kamili.

Rubani anapoikaribia njia ya kutulia hushuka kwa kasi ambayo ni kama mara 1.3 ya ile kasi ndogo kabisa ambayo bawa lingezidiwa. Akifika mita chache juu ya lami, huipunguza nguvu ya injini na kuanza kuinua pua polepole. Kasi inapungua, lakini pembe ya bawa inakua. Kwa hiyo kani ya kuinua inabaki karibu sawa na uzito, na ndege inaelea juu kidogo ya ardhi. Mwishowe pembe hukaribia kikomo, na magurudumu mawili makuu, yaliyo chini ya kiwiliwili, hugusa kwa upole. Kwa maneno mengine, kutua vizuri ni kuikatalia ndege isiguse ardhi mpaka iwe haina tena nguvu ya kuruka.

Chanzo cha kosa la kwanza

Hebu sasa tuone mambo yatakavyokuwa rubani akija na kasi kubwa mno. Tuseme alitakiwa kushuka kwa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, naye akashuka kwa mita 36 kwa sekunde. Kasi imezidi kwa asilimia 20 tu. Nishati ya mwendo, ambayo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, imepanda kutoka jouli 450,000 hadi jouli 648,000. Ongezeko hilo ni asilimia 44.

Si hayo tu. Ndege iliyo katika kasi ya mara 1.3 inaweza, pua yake ikiinuliwa hadi kikomo, kupata kani ya kuinua iliyo mara 1.69 ya uzito wake. Ile iliyozidisha kasi kwa asilimia 20 inaweza kupata kani iliyo zaidi ya mara 2.4 ya uzito. Maana yake ni kwamba ndege hii, hata ikigusa lami, bado iko tayari kabisa kuruka.

Tena ardhi yenyewe huchangia. Bawa linapokuwa karibu na ardhi, vimbunga vidogo vinavyojiviringisha kwenye ncha zake hubanwa, na sehemu ya ukinzani inayotokana na kazi ya kuinua hupungua. Bawa likiwa juu ya ardhi kwa kimo cha robo ya urefu wake, yaani kama mita 2.75 kwa Cessna 172, sehemu hiyo hupungua kwa karibu asilimia 24. Ndege iliyozidisha kasi huelea na kuelea bila kutaka kushuka, huku lami ikiishia nyuma yake. Hapo ndipo mwanagenzi anapoingiwa na wasiwasi, akaisukuma ndege kwa nguvu iguse ardhi.

Katika nyanda zetu za juu kuna jambo jingine la kulidanganya jicho. Kiwanja cha Wilson kiko kama mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho msongamano wa hewa, kwa kipimo cha angahewa ya wastani, ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Kipimakasi cha ndege hupima shinikizo la hewa inayoingia, wala hakipimi mwendo juu ya ardhi. Kwa hiyo namba ionekanayo kwenye kipimakasi wakati wa kutua Wilson ni ile ile ya kutua Dar es Salaam, lakini kasi ya kweli ni kubwa zaidi kwa asilimia 8 au 9, na nishati ya mwendo kwa karibu asilimia 18. Rubani aliyejifunzia pwani huona ardhi ikimkimbilia upesi kuliko alivyozoea. Akiliamini jicho na kupunguza kasi, atalikaribia lile eneo la kuzidiwa kwa bawa. Akikiamini kipimo, atatua salama, ila atahitaji njia ndefu zaidi.

Gurudumu la mbele likigusa kwanza

Ndege nyingi za kujifunzia zina magurudumu matatu: mawili makuu, na moja dogo chini ya pua. Kitovu cha uzito kipo mbele kidogo ya magurudumu makuu. Mpango huu una hekima. Magurudumu makuu yakigusa kwanza, kani ya ardhi hupita nyuma ya kitovu cha uzito. Momenti yake huishusha pua, pembe ya bawa hupungua, kani ya kuinua hupungua, na ndege hubaki chini.

Lakini rubani aliyesukuma usukani huigusisha ndege kwa gurudumu la pua. Sasa kani ya ardhi inapita mbele, mbali na kitovu cha uzito, na momenti yake inageuka: pua inatupwa juu. Pembe ya bawa inakua ghafla, na kwa kuwa kasi ingali kubwa, kani ya kuinua inauzidi uzito. Ndege inapaa. Mtazamaji husema kwamba imedunda kama mpira, lakini maelezo hayo si kamili. Springi na matairi huchangia kidogo. Sababu kubwa ni kwamba bawa limeanza tena kufanya kazi yake.

Mpaka hapo hakuna kilichovunjika. Ndege ipo hewani, mita moja au mbili juu ya lami, pua iko juu, na kasi inapungua. Kinachofuata kinategemea mkono wa rubani.

Mkono unaochelewa

Naomba msomaji aniwie radhi nikitoa mfano wa kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamivu nilijiunga na klabu ya urubani, na baada ya miezi kadhaa niliruhusiwa kuruka peke yangu. Asubuhi moja nilishuka kwa kasi kubwa mno, nikagusa kwa gurudumu la mbele, nikadunda. Nilipoona pua imeelekea mbinguni nikausukuma usukani. Pua ikashuka, nikaona lami inanijia, nikauvuta. Nikadunda mara ya pili, juu zaidi. Nikasukuma tena. Mara ya tatu mguu wa mbele ulipinda, na ncha za rafadha zikakwaruza lami na kukunjika. Mimi sikuumia. Lakini rafadha ikigonga kitu huku injini ikizunguka, injini yote haina budi kufunguliwa na kukaguliwa ndani, na kwa majuma mengi wanagenzi wenzangu walikosa ndege ya kujifunzia kwa sababu yangu.

Nilipokaa baadaye na kalamu na karatasi nilitambua kwamba kila tendo langu, likitazamwa peke yake, lilikuwa na mantiki. Pua ikiwa juu niliishusha; ikiwa chini niliiinua. Hitilafu ilikuwa katika wakati. Jicho huhitaji muda kuona, ubongo kutambua na kuamua, na mkono kutenda. Kwa ishara nyepesi tu muda huo ni kama robo ya sekunde; pakiwa na mshtuko na uamuzi wa kufanya, huwa mrefu zaidi. Kisha ndege nayo huhitaji muda kuuitikia usukani. Tuseme jumla ni sekunde moja. Na tuseme pua huchukua sekunde moja kutoka juu kabisa hadi chini kabisa. Kwa hesabu hiyo, amri ya "shuka" iliyotolewa pua ikiwa juu huifikia ndege wakati pua imekwisha kushuka yenyewe. Amri hiyo hailipingi tena kosa, bali inaliongeza.

Kila mtoto aliyesukuma bembea analijua jambo hili kwa vitendo. Ukiisukuma bembea wakati inapokujia, utaituliza. Ukiisukuma wakati inapokwenda, kila mara itapanda juu zaidi. Rubani aliyechelewa kwa nusu ya mbembeo hugeuka kuwa msukumaji wa bembea, ilhali mwenyewe anaamini kwamba anaizuia. Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, bali kurudia kosa. Katika kutua, rubani hulirudia kosa akidhani analitubu.

Nguvu ya pigo nayo huongezeka kila mdundo. Kanuni za Marekani za kusanifu ndege ndogo zilizotumika kwa miaka mingi zilitaka miguu ya ndege istahimili kasi ya kushuka ya kati ya mita 2.1 na mita 3.05 kwa sekunde, kutegemea uzito na eneo la mabawa. Kitu kikianguka bila kuzuiwa hufikia mita 3 kwa sekunde baada ya kushuka sentimita 46 tu. Kwa hiyo ndege iliyodunda mita mbili, kisha bawa lake likazidiwa, ina kimo cha kutosha kuvunja hata magurudumu yake makuu. Seuze mguu wa pua, ambao ni dhaifu zaidi.

Hata mabingwa

Mtu asidhani kwamba hili ni tatizo la wanagenzi peke yao. Tarehe 26 Oktoba 1977, katika kambi ya Edwards huko California, Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilikifanyia majaribio chombo chake Enterprise. Chombo hicho hakikuwa na injini ya kukirusha. Kilibebwa mgongoni mwa Boeing 747, kisha kikaachiliwa kushuka chenyewe. Rubani alikuwa Fred Haise, mmoja wa wale watatu waliorudi salama kutoka safari ya Apollo 13 mwaka 1970. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Mwanamfalme Charles wa Uingereza.

Enterprise ilifika ikiwa na kasi iliyozidi. Haise alipojaribu kuigusisha mahali palipokusudiwa, chombo kilianza kuyumba, kikagusa na kudunda. Mitambo ya kompyuta iliyopeleka amri za rubani kwenye mabawa ilikuwa na ucheleweshaji wake, nao ukajumlishwa na ule wa mkono wa mtu. Kila alipokisahihisha, mbembeo uliendelea. Ulikoma pale alipolegeza mkono wake kwenye usukani. Chombo kikatulia, kikatua. Baada ya hapo wahandisi waliuchunguza ucheleweshaji huo kwa majaribio mengine, na wakaubadili mfumo wa usukani kabla chombo cha jamii hiyo hakijapelekwa angani mwaka 1981.

Funzo lake ni bayana. Ubingwa haumwondolei mwanadamu ucheleweshaji wa mishipa yake ya fahamu. Humfundisha tu wakati wa kuacha kusahihisha.

Tiba yake

Walimu wa urubani wana kanuni mbili. Ndege ikidunda kidogo, rubani asisukume wala asivute kwa pupa. Aiweke pua katika hali ya kawaida ya kutua, aishikilie hapo, aongeze nguvu ya injini kidogo kupunguza kasi ya kushuka, kisha aiache ndege itue yenyewe, mradi njia iliyobaki inatosha.

Ndege ikidunda juu sana, au ikidunda mara ya pili, asijaribu kuitua kabisa. Aongeze nguvu ya injini hadi mwisho, aiweke pua mahali pa kuanza kupaa, aondoke, azunguke kiwanja, na kuja kutua upya. Nguvu ya injini hurejesha kasi iliyopotea, na kasi hulirudishia bawa uwezo wake. Zaidi ya hayo, kuondoka hukata mnyororo wa masahihisho yaliyochelewa: mbembeo hukoma kwa sababu hakuna tena anayeusukuma.

Mwalimu wangu hakunikaripia asubuhi ile. Aliitazama rafadha iliyokunjika, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kwa nini hukuondoka?" Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba niliona kuondoka ni kukiri mbele ya watazamaji kwamba nimeshindwa kutua. Naamini marubani wengi wamevunja ndege zao kwa sababu hiyo hiyo.

Majaribio mawili ya darasani

Walimu wa fizikia wanaweza kuyaonyesha haya bila ndege. Kwanza, mwanafunzi mmoja ashike rula ya sentimita 30 kwa ncha ya juu, na mwenzake aweke vidole viwili wazi kwenye alama ya sifuri chini. Rula iachiliwe ghafla, na mwenzake aidake. Ikiwa ameidaka baada ya kushuka sentimita 20, muda aliochelewa hupatikana kwa mlingano wa mwendo wa kuanguka, nao ni karibu sekunde 0.2. Wanafunzi wakokotoe ndege iendayo mita 30 kwa sekunde itakuwa imesafiri umbali gani katika muda huo. Jibu ni mita 6.

Pili, chorwe mstari wa mita 20 uwanjani. Mwanafunzi afungwe kitambaa machoni na atembee juu ya mstari akiongozwa kwa maneno "kulia" na "kushoto". Wenzake wapime alivyoyumba. Kisha jaribio lirudiwe, lakini kila amri icheleweshwe kwa kuhesabu "moja, mbili" kabla ya kutamkwa. Mwishowe mwendo uongezwe. Wataona kwamba kiongozi hajabadilika wala maneno yake hayajabadilika. Kilichobadilika ni wakati, nao pekee unatosha kumtoa mtu kwenye mstari. Mwanafunzi aliyefungwa macho akiona ameyumba mno, asimame, arudi mwanzo wa mstari, na aanze tena. Hivyo ndivyo afanyavyo rubani mwema anapoondoka na kuzunguka kiwanja.